Bwawa la uani lisilolea mbu

Kilomita nne hivi kaskazini ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, kando ya njia ya Bububu, zimesimama nguzo za kasri la Maruhubi. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alilijenga mwanzoni mwa miaka ya 1880, na mwaka 1899 moto ukaliteketeza. Mbao zikawa majivu, marumaru ikabebwa na watu. Kazi ya maji ndiyo iliyosalia kwa wingi: hamamu, mifereji, na mabirika mapana yaliyokuwa yakizilisha hamamu hizo. Mwenye kasri hayupo, mafundi wake hawapo, na mabirika yamegeuka mabwawa yaliyotandwa na mayungiyungi.

Mtu akitangaza leo kwamba anachimba bwawa uani kwake, husikia maneno ya aina mbili. Jirani humwambia anawaletea mbu mtaani. Muuzaji wa vifaa humwambia anunue pampu, chujio, taa za chini ya maji, dawa ya kung'arisha maji na samaki wa rangi wenye asili ya Japani. Jirani ana haki ya kuuliza, tena swali lake ni zito, na muuzaji hana jibu lake. Jibu limo katika mimea na wanyama wa maji baridi wa ukanda huu wa pwani, waliozoea jua letu, masika yetu na maji yetu yenye chokaa tangu kabla ya miji yetu kuwepo. Bwawa linalojengwa kwa kuwafuata wao hujitunza kwa sehemu kubwa, na mbu hukosa nafasi ndani yake.

Kwa hiyo tumjibu jirani kwanza. Mbu wanaotuumiza zaidi ni wa namna tatu, na kila mmoja ana maji yake. Anopheles gambiae, anayebeba malaria, hupenda maji machache yanayopigwa na jua: alama za kwato, mifuo ya magurudumu barabarani baada ya mvua, mashimo ya kufyatulia matofali. Aedes aegypti, anayeeneza homa ya dengi, hutaga vyomboni: tairi kuukuu, kifuu cha nazi, mtungi, sahani iliyo chini ya chungu cha maua. Wakazi wa Dar es Salaam wanaijua dengi; iliwaangusha wengi mwaka 2014 na tena 2019. Wa tatu, Culex quinquefasciatus, ndiye yule wa usiku anayelia sikioni. Yeye hutafuta maji machafu ya vyoo vya shimo na makaro, na katika ukanda wetu hueneza vijidudu vya matende na mabusha. Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka 1988 watafiti walimwaga punje nyepesi za polisterini katika vyoo vya shimo hadi zikafunika maji, huku wanakijiji wakipewa dawa ya kuua vijidudu hivyo. Mbu walipungua sana, kwa sababu kiluwiluwi asipoweza kupandisha mrija wake juu ya maji kuvuta hewa, hufa.

Ukiitazama orodha hiyo, utaona kwamba mbu hutafuta maji yasiyo na adui. Dimbwi la kwato hukauka kabla samaki hajafika. Chungu cha maua hakina kereng'ende. Choo hakina chura. Bwawa lililotimia lina maadui wa namna tatu: samaki wanaowindia juu, watoto wa kereng'ende wanaovizia chini kwenye matope, na wadudu wengine wa maji walao viluwiluwi. Mbu akitaga humo, mayai yataanguliwa, lakini kwa joto letu kiluwiluwi anahitaji karibu wiki nzima, mara nyingi zaidi, kabla hajawa mbu mwenye mbawa, na ndani ya bwawa lenye samaki wenye njaa wiki ni muda mrefu mno.

Hatari iko mahali pawili, na zote ni za uzembe. Ya kwanza ni shimo lililochimbwa nusu, fedha zikakatika, masika yakalikuta wazi. Hilo si bwawa bado. Ni kitalu cha mbu, na jirani akilalamika ana haki. Ya pili ni kingo zilizofumwa na majani mazito hadi samaki hawawezi kupenya. Pale viluwiluwi hujificha vizuri. Ndiyo maana ukingo unapaswa kuwa mkali, uteremke wima kidogo ndani ya maji, na mimea ya pembeni ipunguzwe mara kwa mara ili samaki wapite kati ya mashina.

Samaki gani basi? Wengi hukimbilia koi, yule wa rangi wa Kijapani. Simshauri kwa bwawa dogo la uani. Koi huzidi sentimita 60 akikomaa, anataka maji yenye kina cha zaidi ya mita moja, na hufukua mizizi ya mayungiyungi akitafuta chakula. Perege wetu ni mvumilivu zaidi: joto halimtishi, munyu kidogo haumuui, na akiwa mdogo hula viluwiluwi kwa bidii. Ila ana tabia mbili za kuzijua. Dume huchimba viota sakafuni, na jike hubeba mayai na watoto mdomoni, jambo linalofanya watoto wengi wapone. Baada ya miezi michache bwawa la perege kumi hujaa mamia ya perege waliodumaa.

Kuhusu tabia hiyo ya pili, Zanzibar ina nafasi yake katika historia ya ufugaji wa samaki. Mtaalamu wa samaki, Hickling, akifanya kazi Malacca, alitangaza mwaka 1960 kwamba madume ya perege waliotoka Zanzibar yakipandishwa na majike ya perege wa Msumbiji, watoto karibu wote huwa madume. Ugunduzi huo ulifungua mlango wa ufugaji wa perege wa jinsia moja unaoendelea duniani mpaka leo, ingawa sasa njia zinazotumika zaidi ni nyingine. Kwa mwenye bwawa la uani maana yake ni nyepesi: ukienda kwenye kituo cha kuzalisha vifaranga vya samaki, omba vifaranga vya kiume. Kumi au kumi na watano wanatosha kabisa katika bwawa la lita elfu tatu na kitu.

Kuna samaki mwingine ambaye nataka asomwe kwa makini, kwa sababu ni wa Unguja na hapatikani kwa asili mahali pengine popote duniani. Jina lake la kisayansi ni Nothobranchius guentheri. Georg Pfeffer alimwelezea kitaalamu mwaka 1893. Ni mdogo, kama sentimita tano, dume lake limenakshiwa kwa rangi na mkia wake ni mwekundu. Huishi katika vidimbwi vinavyojaa mvua na kukauka kiangazi. Kidimbwi kikianza kukauka, wazazi wote hufa, lakini mayai yamekwisha kufukiwa matopeni, na humo husubiri miezi mpaka mvua irudi. Maisha yake mafupi yamewafanya wanasayansi wamtumie yeye na jamaa zake kuchunguza namna viumbe wanavyozeeka. Na chakula anachokipenda kinajumuisha viluwiluwi vya mbu.

Hatumtaki katika bwawa la kudumu lenye perege. Ataliwa, na hata asipoliwa, mayai yake yanahitaji kipindi cha ukavu ambacho bwawa la kudumu haliyapi. Anachokihitaji kwetu ni kuachiwa vidimbwi vyake. Kila kiwanja kinachojazwa kifusi kwa sababu "pana dimbwi tu" kinaweza kuwa kimezika kizazi kizima kilichokuwa kikingoja mvua. Mwenye shamba lenye kidimbwi cha mvua ambacho viluwiluwi vyake hupungua ghafla mara maji yakikaa wiki kadhaa, akitazame kwa karibu kabla hajaita lori la mchanga.

Sasa ua. Mvua zikijaza mabonde ya mpunga Unguja, hutokeza yungiyungi la buluu linaloinua kichwa juu ya maji, likafunguka asubuhi na kufumba alasiri. Mwaka 1877 mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, Robert Caspary, aliliingiza katika vitabu vya sayansi kwa jina la Nymphaea zanzibariensis. Siku hizi huhesabiwa kuwa namna ya Zanzibar ya Nymphaea nouchali. Ua hilo lilisafiri mbali. Wapenda bustani wa Ulaya na Marekani walilipanda, wakalipandanisha na mengine, na uzao wake umo katika mayungiyungi mengi ya nchi za joto yanayouzwa leo. Kwa mkazi wa Unguja au Pemba halina haja ya duka. Mwombe mwenye bonde tunda moja lililokwisha kuzaa mbegu, au tunguu moja, wala usizidishe.

Lipande katika karai au ndoo pana, si moja kwa moja sakafuni. Udongo wake ni kinamo, ule mweusi unaonata wa bondeni. Mboji na udongo mwepesi wa vitalu vya maua huelea na kuchafua maji. Juu ya udongo tandaza kokoto ili perege wasifukue. Mwanzoni karai liwe juu ya matofali, maji yakilifunika kwa kiasi cha shubiri moja, kisha ulishushe taratibu kadiri majani yanavyorefuka hadi sentimita 40 au 50. Yungiyungi likikosa jua la saa tano au sita kwa siku, litatoa majani na kukunyima ua.

Jua hilo ndilo linaloamua mahali pa kuchimba. Chini ya mwembe hapafai. Kivuli kizito na majani yanayopukutika kila siku vitakuchosha. Penye bonde kabisa la kiwanja napo hapafai, ingawa ndipo macho huenda kwanza. Masika yakipiga, maji ya mtaa mzima yatashuka hapo na matope, mafuta ya magari na mbolea za bustani, na samaki watatoka na mafuriko hadi mtaroni. Chagua sehemu iliyoinuka kidogo, mbali na karo, mahali unapoweza kupaona ukiwa barazani. Bwawa usiloliona kila siku hutaligundua likiugua.

Ardhi yenyewe itakupangia mengi. Upande wa maweni, kwenye jiwe la matumbawe, kuchimba ni kazi ya mtaimbo na siku nyingi, na jiwe lina nyufa zinazonywa maji. Pale ni heri kujenga kuta juu ya ardhi kwa mawe yale yale, kimo cha magoti na zaidi kidogo, kama mabirika ya zamani. Kwenye mchanga shimo ni rahisi lakini kingo hubomoka. Kwenye kinamo unaweza kushindilia udongo na kupata bwawa lisilovuja sana, mradi lisiachwe likauke na kupasuka.

Mahali pengine utachagua kati ya zege na turubai nzito la kutandika mabwawa ya samaki. Zege hudumu miaka mingi likifanywa na fundi mzuri, lakini likiwa jipya hutoa chokaa inayofanya maji kuwa makali kiasi cha kuua samaki. Lijaze, liache siku kadhaa, limwage, urudie mara mbili tatu, na kuta zisuguliwe kwa siki iliyochanganywa na maji kabla ya kujaza mara ya mwisho. Turubai ni la haraka zaidi, na hesabu yake haina fumbo. Chukua urefu wa shimo, ongeza kina mara mbili, kisha ongeza sentimita 60 za kukunjia ukingoni. Fanya hivyo hivyo kwa upana. Shimo la mita 3 kwa 2 lenye kina cha sentimita 60 linataka turubai la mita 4.8 kwa 3.8, na litabeba lita 3,600. Chini yake tandaza mchanga laini au magunia ya zamani ili mawe na mizizi visilitoboe, na sehemu inayobaki nje ya maji ifunikwe kwa mawe, maana jua la pwani hukausha plastiki hadi ikapasuka. Kabla ya kujaza, weka ubao na pimamaji kutoka ukingo hadi ukingo. Maji hayadanganyi, ukingo ulioshuka vidole viwili utaonekana miaka yote ya bwawa hilo.

Kina cha sentimita 60 ndicho cha chini kabisa ninachokikubali, na 80 ni bora. Maji mafupi huchemka mchana, na samaki hawana pa kukimbilia mdiria na koikoi wanapotua. Acha kijingazi upande mmoja, sentimita 20 chini ya uso wa maji, kwa ajili ya mafunjo na mimea mingine ya ukingoni, na rundo la mawe lenye mteremko ili ndege, nyuki na vyura waweze kunywa na kutoka. Paka aliyetumbukia naye atakushukuru.

Maji ya bomba hutiwa klorini, ambayo huunguza mashavu ya samaki. Yakae wazi siku mbili kabla ya kuingiza kiumbe chochote. Jua na upepo hufukuza klorini ya kawaida. Maji ya mvua kutoka kwenye bati ni mazuri sana, ila mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ioshe paa. Kisima ndicho cha kuhadhari nacho, kwa kuwa karibu na bahari visima vingi vina munyu. Yaonje. Perege atayavumilia, yungiyungi litanuna na kufa.

Hapo Bamburi, kaskazini ya Mombasa, wana funzo kubwa. Kiwanda cha saruji kilianza kuchimba jiwe la matumbawe mwaka 1954, na kufikia 1971 kilikuwa kimeacha nyuma jangwa jeupe lisilo na udongo, lenye maji ya ardhini ya munyu karibu na uso. Mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alipewa kazi ya kulifufua. Alijaribu aina 26 za miti; zilizostahimili zilikuwa tatu, ukiwemo mvinje. Majani ya mvinje yalipokataa kuoza, alileta majongoo, wakayatafuna na kuyageuza udongo. Palipokuwa na maji aliweka mabwawa na kuanza kufuga perege, samaki aliyeyaweza maji hayo. Leo mahali hapo ni Haller Park, msitu wenye mabwawa, viboko na ndege. Haller hakubadilisha maji ili yamfae kiumbe aliyempenda. Alimtafuta kiumbe aliyeyafaa maji aliyokuwa nayo, na kwa mwenye uwanja wa mita chache kanuni ni ile ile.

Nirudi kwa pampu, kwa sababu hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Maji yenye nyuzijoto 20 hubeba miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hubeba saba na nusu tu. Samaki wetu basi huanza na akiba ndogo kuliko wa nchi za baridi. Mchana mimea ya majini huongeza oksijeni. Usiku mimea hiyo hiyo huivuta. Saa ya hatari ni alfajiri. Ukiwakuta samaki wamepanga midomo juu ya maji wakati wa adhana ya Alfajiri, na jua likichomoza wakatulia, bwawa lina samaki wengi kupita uwezo wake, au lina uozo mwingi sakafuni. Pampu ndogo ya sola inayorusha maji hewani inapendeza, lakini isiyo na betri hufanya kazi mchana, wakati oksijeni ipo, na hulala usiku inapohitajika. Ya umeme nayo itakatika siku umeme ukikatika. Hivyo panga idadi ya samaki ambayo bwawa linaiweza bila mashine yoyote, kisha pampu, ukiipenda, iwe ya kuleta sauti ya maji.

Wiki za mwanzo maji yatageuka kijani kama mchuzi wa mchicha. Wengi huingiwa na hofu, wakamwaga yote na kuanza upya, na kila wanapoanza upya kijani hurudi. Ni mwani mdogo usioonekana kwa jicho, unaokula jua na virutubisho ambavyo bado havina mlaji mwingine. Subira ndiyo dawa. Majani ya yungiyungi yakishatanda juu ya nusu ya bwawa hadi theluthi mbili, mwani hukosa jua na maji hutulia.

Wakati huo huo kazi nyingine inaendelea bila kuonekana. Samaki hutoa amonia kwa mashavu yao, na amonia ni sumu. Bakteria wanaoota juu ya mawe, makarai na kuta huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati inayoliwa na mimea. Jeshi hilo huchukua wiki nne hadi sita kujijenga. Kwa ajili ya mbu, tia samaki wadogo wanne watano ndani ya wiki ya kwanza, mara klorini ikishatoka. Waliobaki wangoje mpaka wiki ya sita ipite. Chakula chao kiwe kile wanachokimaliza kwa dakika chache. Wali na ugali wa jana vikizama huoza, na uozo huo ndio mwanzo wa maradhi mengi ya bwawa.

Konokono watakuja wenyewe, wameshikamana na mizizi. Katika visiwa vyetu wapo wa jamii ya Bulinus, wanaobeba kichocho cha mkojo, kwa hiyo hofu ina msingi. Konokono peke yake hana kichocho. Mayai ya mnyoo hutoka katika mkojo wa mtu aliyeambukizwa, huanguliwa majini, kidudu humwingia konokono, na baadaye vidudu vya namna nyingine humtoka na kupenya ngozi ya mtu. Bwawa ambalo hakuna anayekojoa ndani yake haliwezi kuanza mzunguko huo. Hata hivyo mimea iliyotoka mtoni au bondeni ioshwe majani kwa majani, glavu mkononi, na konokono waondolewe kabla haijaingia.

Mmea mmoja usiingie kabisa, hata kama ni wa bure na ua lake la zambarau linavutia: gugumaji. Asili yake ni bonde la Amazon, na lilisambazwa duniani na watu waliotaka kupamba mabwawa ya bustani. Lilionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 lilikuwa limefunga ghuba na bandari, mitumbwi ya wavuvi ikashindwa kutoka, na Uganda mwaka 1995 ilianza kuachia ziwani humo fukusi wa jamii ya Neochetina, walao gugu hilo. Nchi jirani nazo zikafanya hivyo. Hali hiyo yote ina mzizi katika pambo la bwawa. Yeyote anayelitupa gugumaji mtaroni baada ya kuchoka nalo, mvua italifikisha mtoni.

Neno la watoto nalisema bila kulainisha. Mtoto anayeanza kutembea huweza kuzama katika maji yasiyofika magotini kwake, kimya, wakati mama ameingia jikoni kutazama chungu. Nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitano ijenge uzio wenye mlango unaofungwa, au ifunge wavu wa chuma imara chini kidogo ya uso wa maji, unaoweza kubeba uzito wake. Kama huwezi kufanya moja kati ya hayo mwaka huu, subiri kuchimba.

Utunzaji wa kila wiki ni mdogo: kutoa majani makavu kwa wavu, kukata majani ya yungiyungi yaliyogeuka manjano, kuongeza maji. Wakati wa kaskazi, jua likiwa kali, bwawa likipoteza milimita 5 kwa siku, lile la mita za mraba 6 hupungukiwa na lita 30, yaani ndoo moja na nusu. Ongeza kidogo kidogo, usingoje lishuke sana ukamwaga mapipa ya maji ya bomba kwa mkupuo. Nyasi za pembeni zikatwe fupi, kwa maana vyura huwavuta nyoka, na nyoka hapendi kuvuka mahali peupe. Kenge akizoea bwawa lako, ukuta wima na kina cha kutosha vitawaokoa samaki zaidi kuliko mbwa.

Mara moja kwa mwaka, matope ya sakafuni yapunguzwe. Mimi napendelea Juni au Julai, kusi ikivuma na maji yakiwa na ubaridi, kwa sababu samaki wakisumbuliwa wakati huo wana oksijeni ya kuwavusha. Toa nusu ya matope tu, na bakiza angalau theluthi ya maji ya zamani. Kusugua kuta hadi zing'ae ni kuwafukuza bakteria wote uliowangoja wiki sita. Matope hayo yamwage kwenye migomba.

Ikitokea unahama, au umechoka na bwawa, liondoe kwa mpango. Samaki wape mwenye bwawa jingine, au waliofikia ukubwa wa kuliwa waliwe. Wasipelekwe mtoni, hasa wakiwa wa kigeni kama koi na gapi, kwa kuwa huko watashindana na wenyeji ambao hawakuwahi kuwaona. Mimea ianikwe juani kwenye sakafu kavu mpaka ivunjike mkononi, ndipo iende kwenye mboji. Tunguu za yungiyungi mrudishie mwenye bonde, kisha lifukie shimo siku hiyo hiyo, kabla mvua haijalikuta wazi.